Kuvu ndani ya jani: historia ya dawa ya kansa inayotafutwa kwenye miti



Ujumbe wa sauti unazunguka kwenye simu siku hizi. Sauti ya mwanaume inasema kwamba wazungu wamegundua kuvu inayokaa ndani ya majani ya miti, na kwamba kuvu hiyo inamaliza kansa ya kila aina. Mwishoni inatolewa namba ya simu. Nilikuwa nimeenda kwenye mahema ya wakimbizi wa ndani kwa habari nyingine kabisa, habari ya maji, mama mmoja akanivuta pembeni. Akanionyesha kopo la maziwa lenye unga wa kijivu unaonuka kama gunia lililolowana. Alikuwa ameulipia feza alizozipata kwa kufua nguo za watu muda wa wiki mbili. Ana uvimbe kwenye titi tangu kabla ya kukimbia kijiji. Akaniuliza: "Papa wa redio, hii mambo ni ya kweli ao ni uongo?"

Nilishindwa kumjibu kwa neno moja. Kuvu yenyewe iko. Watafiti wanaoitafuta wako, na wameitafuta kwa zaidi ya miaka 30. Ila kati ya kuvu ile na unga wa kopo lile kuna safari ndefu, na sehemu yake moja imepita hapa hapa Kongo. Nimeisoma safari hiyo, na ninaileta kwenu kama nilivyoielewa.

Tuanze na kuvu. Ni ndugu ya uyoga tunaokula, na ndugu ya ukungu unaoota juu ya mkate uliokaa. Nyingi tunaziona kwa macho. Nyingine hatuzioni hata tukileta jani karibu na jicho, kwa sababu zinaishi katikati ya seli za mmea, ndani ya jani, ndani ya shina, ndani ya ganda, na mmea wenyewe hauonyeshi ugonjwa wowote. Jani la kahawa linazo, jani la mwembe linazo, na mti wa porini usio na bwana unazo. Mjerumani mmoja, Anton de Bary, aliandika juu ya viumbe hivi vya ndani ya mimea mwaka 1866, lakini kwa miaka mia moja hivi watu wachache tu walivijali.

Waliokuja kuvitilia maanani sana ni wafugaji. Huko Marekani kulikuwa na nyasi ya malisho iitwayo fescue, nzuri kwa macho na ngumu kufa. Ng'ombe walioila walishikwa na joto la mwili, wakakonda, na wengine kwato na ncha za mikia zikaoza. Udongo ulichunguzwa, maji yakachunguzwa. Mwaka 1977 Charles Bacon na wenzake walionyesha kwamba ndani ya nyasi hiyo, iliyoonekana nzima kabisa, mlikuwa kuvu. Ndiyo iliyohusika na sumu. Nyasi inailisha kuvu sukari, na kuvu inailinda nyasi kwa sumu ili wadudu na wanyama waiogope. Wafugaji wa milima yetu, wanaojua ni bonde gani ng'ombe hatakiwi kulishwa, watalielewa jambo hili upesi kuliko mimi.

Shikeni neno hilo, sumu, maana dawa nyingi za zamani za kansa ni sumu iliyopimwa. Kansa ni seli za mwili wetu wenyewe zinazogawanyika bila kusimama. Anayetafuta dawa anatafuta kitu kitakachozizuia seli hizo kabla hakijamwua mgonjwa. Na mimea, pamoja na wapangaji wake, ni mafundi wa sumu.

Sasa twende kwenye mti wenyewe. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilianza mpango wa kukusanya mimea na kuipima dhidi ya kansa, mmoja baada ya mwingine, maelfu kwa maelfu. Agosti 1962 mtaalamu wa mimea Arthur Barclay alikata vipande vya mti wa Taxus katika msitu wa jimbo la Washington, upande wa bahari ya Pasifiki. Mti huo haukuwa na heshima. Wakata mbao waliuchoma moto pamoja na takataka za msitu, wakachukua miti mikubwa. Ganda lake lilipopimwa katika maabara, likaua seli za kansa. Monroe Wall na Mansukh Wani, katika jimbo la North Carolina, walichukua miaka kulichambua mpaka wakapata kitu chenyewe. Mwaka 1971 walitangaza umbo lake. Waliita taxol.

Hata hapo watu hawakukimbilia. Sumu za kuua seli zilikuwa zimejaa kwenye makabati. Kilichobadili mambo ni kazi ya Susan Horwitz wa New York, mwaka 1979. Seli inapotaka kugawanyika inasimamisha vijiti vyembamba sana ndani yake, kama miti ya kujengea, inavitumia kuvuta mali yake pande mbili, kisha inavibomoa. Sumu nyingine zilizojulikana zilizuia vijiti visisimame. Taxol inafanya kinyume: inavikaza visibomoke. Seli inabaki imenaswa katikati ya kazi, na inakufa. Hakuna aliyekuwa ameona dawa inayofanya hivyo. Mwaka 1989 munganga wa Baltimore walitoa taarifa ya wanawake 40 wenye kansa ya mayai ya uzazi ambayo dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa. Kwa 12 kati yao uvimbe ulipungua. Si wengi, lakini kwa ugonjwa ule ilikuwa habari kubwa, na Desemba 1992 serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo itumike.

Hapo ndipo ugomvi wa ganda ulipopamba moto. Ili kupata kilo moja ya taxol, makadirio ya wakati ule yalisema miti 3,000 hivi ivuliwe ganda. Mti uliovuliwa ganda lote unakufa, na Taxus inakua polepole sana. Upande mmoja walisimama wagonjwa na familia zao, upande mwingine watetezi wa misitu. Sisi wakaaji wa Kivu hatuhitaji kufundishwa ugomvi wa namna hiyo. Tunaujua Prunus africana, mti wa milima yetu ambao ganda lake linanunuliwa kwenda Ulaya kutengeneza dawa ya wanaume wenye tezi iliyovimba, uvimbe usio wa kansa. Mwaka 1995 biashara yake iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe, kwa sababu watu walikuwa wanavua mpaka mti unakauka umesimama.

Basi ndani ya ugomvi huo watu watatu wa jimbo la Montana wakauliza swali. Gary Strobel, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, pamoja na Andrea Stierle na mume wake Donald, walijiuliza: je, kama kuvu ya ndani ya Taxus inatengeneza taxol yenyewe? Kuvu haina haja ya miaka mia kukua. Unaiweka kwenye pipa la maji ya sukari kama pombe, na baada ya wiki chache unavuna, bila kukata mti hata mmoja.

Kazi yenyewe si ya ajabu, na mtu aliyewahi kutengeneza chachu ya mandazi anaweza kuifuata. Unachukua kipande cha ganda au jani, unakiosha kwa pombe kali na maji ya javel ili kila kilicho juu ya ngozi yake kife. Maji ya mwisho ya kuoshea unayamwaga kwenye sahani ya pembeni. Kitu kikiota pale, ujue hukuosha vizuri, na kazi yote unaitupa. Kisha unakata vipande vidogo kama kucha, unavilaza juu ya chakula laini ndani ya sahani ya kioo, na unangoja. Baada ya siku kadhaa nyuzi nyembamba zinatoka kwenye sehemu iliyokatwa. Huyo ndiye mpangaji. Unamhamishia kwenye chupa yake, unamlisha, unakamua maji yake na kuyapima.

Aprili 1993 walitangaza katika jarida la Science kwamba wameipata. Kuvu hiyo, kutoka mti mmoja wa Taxus wa Montana kaskazini, ilipewa jina Taxomyces andreanae, kwa heshima ya Andrea Stierle. Habari ilizunguka dunia. Ila taarifa yenyewe ilikuwa na hesabu ambayo wengi hawakuisoma. Katika lita moja ya maji ya kuvu walipata taxol ya nanogramu 24 mpaka 50. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Nimepiga hesabu kwa namna yetu: ili kupata gramu moja tu, hata kwa kiwango kile cha juu, ungehitaji bidoni milioni moja za lita 20.

Watafiti wengi walisema haidhuru, kuvu itafundishwa kutoa zaidi, kama ilivyofanywa kwa penisilini, ambayo nayo ilianza kidogo sana. Miaka iliyofuata zikaja taarifa juu ya taarifa, China, India na kwingine: kuvu ya taxol imepatikana kwenye mti huu, na kwenye ule ambao hata si ndugu wa Taxus. Wasiwasi ukaanza. Mbona ni nyingi hivi, na hakuna kiwanda hata kimoja kinachouza? Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani waliichukua tena Taxomyces andreanae ile ile, wakasoma jeni zake, wakatafuta sehemu zinazohitajika ili kutengeneza taxol. Hawakuziona. Kwa maoni yao, kuvu ile haina uwezo huo peke yake. Wako wanaobishana nao mpaka leo.

Kuna dawa nyingine iliyosaidia kueleza fumbo la namna hii. Wall yule yule na wenzake mwaka 1966 walipata kwenye mti wa China uitwao Camptotheca kitu kinachoitwa kamptotesini, ambacho ndugu zake wa maabara wanatumika leo kwa kansa ya utumbo. Mwaka 2005 watafiti wa India walitangaza kuvu inayokitengeneza, waliyoitoa ndani ya mti mwingine. Baadaye wengine, wakiwemo Souvik Kusari na Michael Spiteller wa Ujerumani, walipata kuvu ya namna hiyo ndani ya Camptotheca yenyewe. Wakaikuza, wakaihamisha chupa hadi chupa, na kila kizazi kikatoa kidogo kuliko kilichotangulia, mpaka karibu isibaki kitu. Walipochunguza, wakaona kuvu inazo hatua kadhaa za kazi, lakini hatua moja ya katikati ni lazima iazime kwa mti. Nje ya mti inabaki fundi asiye na nyundo.

Na taxol ya hospitali, inatoka wapi? Haitoki kwenye kuvu. Mfaransa Pierre Potier na wenzake waliona kwamba majani ya Taxus ya Ulaya yana kitu cha karibu sana na taxol, na majani yanachumwa yakaota tena. Robert Holton wa Florida alipata njia nzuri ya kukimalizia maabara. Baadaye ikaja pia njia ya kukuza seli za Taxus zenyewe ndani ya mapipa. Ganda likaachwa. Dawa hiyo, ambayo jina lake la kawaida ni paklitaxeli, iko leo katika orodha ya dawa muhimu ya OMS, na inatumika pia kwa kansa ya titi.

Kwa hiyo msikieni vizuri yule mtu wa ujumbe wa sauti. Ameokota kipande cha mwaka 1993 na kuacha kila kilichofuata. Mpaka sasa kuvu za ndani ya mimea hazijaleta dawa ya kansa ya kununuliwa kwenye famasi. Zimeleta vitu vingi vinavyoua seli za kansa ndani ya sahani, lakini javel nayo inaua seli za kansa ndani ya sahani, na hakuna anayekunywa javel kwa ajili hiyo.

Sisemi utafiti huu ni bure. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu kidonge kipya, ibrexafungerp, cha ugonjwa wa fangasi wa wanawake. Mzizi wake ni kuvu iliyopatikana kwenye majani mabichi ya mti wa Juniperus. Kuvu imetoa dawa ya kupiga kuvu. Njia iko, ni ndefu tu.

Afrika nayo imo ndani ya historia hii, na mara nyingi jina lake linatajwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1972 Morris Kupchan wa Marekani alitangaza maitansini, sumu kali dhidi ya kansa, kutoka mmea wa Maytenus wa Ethiopia. Baadaye tani na tani za ndugu ya mmea huo zilikatwa Shimba Hills, Kenya, ili zipimwe. Kwa wagonjwa ilikuwa kali kupita kiasi, ikawekwa pembeni. Miaka ikapita, wakajua kuifunga kwenye chembe inayoipeleka moja kwa moja kwenye seli ya kansa, na mwaka 2013 dawa ya namna hiyo ikaruhusiwa kwa aina moja ya kansa ya titi. Mwaka uliofuata, 2014, ikaonyeshwa kwamba ndani ya mizizi ya Putterlickia, mmea wa kusini mwa Afrika, wanaotengeneza maitansini ni bakteria waishio humo. Mmea huo ulikuwa nyumba tu.

Na sasa Kongo. Mwaka 1999, katika jarida lile lile la Science, watafiti wa kampuni ya Merck walitangaza kitu kilichotoka kwenye kuvu ya jamii ya Pseudomassaria. Hakikuwa cha kansa, kilikuwa cha ugonjwa wa sukari: panya wagonjwa waliokimeza, sukari ya damu yao ilishuka, kana kwamba wamepewa insulini. Wakati huo, kufanya kazi ya insulini kwa kitu cha kumeza ilikuwa ndoto. Kuvu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye majani yaliyokusanywa karibu na Kinshasa. Ya mmea gani? Taarifa inasema mmea haukutambuliwa.

Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Kuvu ina jina, kitu kilichotoka ndani yake kina namba, panya wamehesabiwa, na jani halina jina. Mimi naona ni vigumu kuamini kwamba karibu na Kinshasa hakukuwa na mama mmoja wa sokoni ambaye angelitazama na kusema hili tunaliita hivi. Kitu kile hakikuwa dawa, kwa hiyo hakuna mamilioni tuliyonyimwa. Lakini kama kingekuwa, tungedai kwa jina la mmea gani, wa shamba la nani? Mkataba wa Rio wa 1992 ulisema kila nchi ina haki juu ya viumbe vyake. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kazi 2014, inataka anayechukua aombe ruhusa na kugawana faida. Kongo ni mwanachama. Karatasi hiyo ina maana pale tu mahali jani lilipochumwa pameandikwa, na hapa kwetu watu wenye kujua majani ya misitu wamesukumwa na vita kutoka kwenye misitu hiyo. Mama wa kopo alinitajia majina kumi ya miti ya kijiji chake kwa haraka kuliko nilivyoweza kuandika. Hapa kwenye mahema hakuna hata mmoja wa miti hiyo.

Narudi kwenye unga wake, kwa sababu kuna jambo baya zaidi ya kupoteza feza. Baadhi ya ukungu unaleta kansa. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa chakula cha karanga zilizoota ukungu, na hapo ndipo aflatoksini ikajulikana, sumu inayoharibu maini na kuleta kansa ya maini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye ukungu yaligonjesha watu 317, na 125 walikufa. Sijui ndani ya kopo lile kulikuwa ukungu gani. Wala aliyeuza hajui.

Hayo ndiyo niliyomweleza, tumekaa juu ya bidoni zetu, jirani zake wanasikiliza. Hakukasirika. Aliuliza kama hiyo dawa ya mti wa Taxus iko huku kwetu. Nikamwambia kwamba kwanza ni lazima ijulikane uvimbe ni wa nini, maana si kila uvimbe wa titi ni kansa, na hilo halijulikani kwa kutazama wala kwa kugusa: wanakata kipande kidogo, wanakitazama kwenye darubini. Wenzake wa likelemba walimpa zamu yake mapema ili apate feza ya moto. Alhamisi alienda na dada yake mpaka hospitali, wakakata kipande. Jibu walimwambia ni baada ya wiki tatu.

Namba ile ya ujumbe wa sauti niliipigia mara nne. Inaita, haipokelewi. Kama ninyi pia mmeuziwa unga huo, leteni kopo kwenye redio tulione, msilitupe bado.